Pizza ya Mboga Bila Oveni wala Jibini

Pizza ina jina baya miongoni mwa wanaojali afya, na si bure: jibini tele, soseji, unga mwingi na chumvi isiyopimwa. Lakini Napoli, Italia, mji ulioipa dunia chakula hiki, hadi leo wanakula pizza iitwayo marinara isiyo na jibini hata chembe. Ni nyanya, kitunguu saumu, majani ya kunukia na mafuta kidogo. Kumbe tunazungumzia mkate bapa uliobebeshwa mboga, na swali la afya ni mboga hizo ni nyingi kiasi gani na zimepikwaje. Kwa hilo, jiko la mkaa la Kibiti au Nyamisati halina upungufu wowote, na naamini kikaango chenye mfuniko kinaweza kuyatendea haki matembele na mchicha kuliko sufuria inayotokota mpaka majani yakapoteza rangi.

Vitamini C huyeyuka majini na huharibika kwa moto mrefu. Mboga ikichemshwa ikalegea, kisha maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo huishia uani. Hasara haiishii hapo, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo kwenye majani ni ya aina ambayo mwili huyafyonza kwa shida, na vitamini C ikiliwa pamoja nayo hurahisisha kazi. Katika Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, hilo si jambo dogo, hata kama malaria na minyoo nayo yana mchango wake. Karoti na majani ya kijani yana pia beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, nayo huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kijiko kimoja cha tui zito kinatosha. Basi kanda unga kama wa chapati, sukuma wembamba, babua upande mmoja bila mafuta, geuza. Juu ya upande ulioiva paka nyanya zilizopondwa, tandaza mchicha uliokatwakatwa, kitunguu na hoho, nyunyiza tui, funika, kisha weka makaa machache juu ya mfuniko kama unavyopalia wali. Majani yakinywea tu, epua, ukamulie ndimu. Chai ya rangi isubiri kama saa moja, maana nayo huzuia chuma.

Atakayesema ngano ni ya dukani ilhali mpunga tunalima wenyewe bondeni Rufiji, ana hoja. Hata hivyo, tangu 2011 kanuni za nchi zinavitaka viwanda vikubwa kuongeza madini ya chuma na asidi ya foliki kwenye unga wa ngano, jambo ambalo mchele wa mashine ya kijijini haulipati. Unga huo mweupe una nyuzinyuzi kidogo na hupandisha sukari ya damu haraka, ndiyo maana nasisitiza mkate uwe mwembamba na mboga ziuzidi kimo. Hoja nzito zaidi ni ya jibini: ina protini na kalisi, na tui haliwezi kushika nafasi yake, tena mafuta ya tui si ya kumwaga ovyo. Mchicha una kalisi, lakini oksalati zake huishikilia isifyonzwe. Dagaa waliosagwa na miiba yao huziba pengo hilo. Pizza haitakuwa ya mboga tupu tena, nami sioni hasara. Na kama wali kwa matembele unapatikana nyumbani, huo unatosha kabisa. Pizza hii ishindane na chipsi za jioni au chapati kavu kwa chai. Mboga moja tu isipelekwe haraka haraka kwenye kikaango: kisamvu. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sumu ya sayanidi, hivyo ni lazima yatwangwe na kuchemshwa vizuri kwanza, hata kama vitamini C yote itapotea.