Nyumba ya kukokotwa: Gharama imo chini, wala si ukutani

ELDORET ni mji uliozaliwa njiani. Mnamo mwaka wa 1908, msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulishuka Mombasa, ukapanda gari la moshi hadi Nakuru, kisha ukakwea nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Magari hayo yalibeba watu na mali mchana, na usiku yakawa kinga yao dhidi ya baridi. Baadaye posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na hadi leo kuna wanaouita mji huo Sisibo.

Zaidi ya karne moja baadaye, mji huo, ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024, una wakazi wengi wasiomiliki hata kipande cha ardhi. Katika mitaa kama vile Langas, Huruma na Munyaka, chumba cha kupanga ndicho makao ya kawaida. Mpangaji wa ploti anayejenga kwa mawe hujitia hatarini, kwa kuwa mkataba ukivunjika yeye huondoka na virago vyake, nazo kuta zikabaki kwa mwenye ardhi. Hapo ndipo wazo la nyumba ndogo juu ya trela linapopata mashiko.

Wazo hili lilivuma kwanza Marekani. Mnamo 1999, Jay Shafer alijijengea katika jimbo la Iowa nyumba ya takriban mita mraba tisa iliyokaa juu ya magurudumu. Huko, magurudumu yalikuwa njia ya kuzikwepa kanuni zilizokataza nyumba ndogo mno. Mkazi wa Eldoret ana sababu tofauti: yeye anatafuta nyumba ambayo haitabaki nyuma siku atakapohama.

Kwa hivyo, kabla ya kununua hata msumari mmoja, yampasa mjenzi ajiulize: nyumba hii itahamishwa mara ngapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua gharama. Katika nyumba ya kukokotwa, fedha nyingi humezwa na kile kilicho chini ya sakafu, yaani fremu ya chuma, ekseli, springi, magurudumu, breki na taa. Anayehama kila mwaka atahitaji vitu hivyo vyote. Lakini anayetarajia kuhama mara moja au mbili katika miaka kumi hana haja ya kuweka ekseli zikae zikiota kutu. Huyo anaweza kujenga juu ya fremu imara yenye vishikio vya kuinulia, kisha akakodi lori siku ya kuhama. Wenye vibanda vya biashara wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na kwa mwenye mfuko mwembamba hiyo ndiyo njia ya busara zaidi.

Uzito ni adui

Chukua mfano wa nyumba yenye urefu wa mita sita, upana wa mita 2.4 na kuta za kimo cha mita 2.2. Upana huo unakaribiana na ule wa kontena za kawaida, ambao ni mita 2.44, hivyo barabara na malori yamekwisha kuuzoea. Kuta zake zina jumla ya mita mraba 37 hivi. Zikijengwa kwa mawe ya inchi sita, uzito wake hufika tani 11 hivi. Zikifunikwa kwa mabati ya unene wa milimita 0.3, uzito wa mabati ni takriban kilo 100 tu. Kuongeza mbao nyembamba za saipresi upande wa ndani hakuzidishi zaidi ya kilo 200.

Ni lazima fremu ya kuta ifungwe kwa mbao za mshazari katika kila pembe, maana safarini nyumba hutikiswa kama inayopitiwa na tetemeko. Kwa sababu iyo hiyo, skrubu na bolti ni bora kuliko misumari, ambayo hulegea polepole. Iwapo nyumba itakokotwa kwa magurudumu yake yenyewe, vitu vizito vipangwe ili takriban asilimia 60 ya uzito iwe mbele ya ekseli. Uzito ukizidi nyuma, trela huyumba na yaweza kulipindua gari linaloivuta.

Nyumba ikishatua, isiachwe ikae juu ya tairi. Itegwe juu ya nguzo fupi za mawe na kufungwa chini kwa minyororo, kwani wepesi unaorahisisha safari ndio unaoipa upepo nguvu ya kuing'oa.

Baridi na hewa

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi kali. Bati tupu hutoa jasho alfajiri, likalowesha matandiko na kuozesha mbao. Dawa yake ni ukuta wa tabaka mbili wenye nafasi ya hewa katikati, pamoja na dari.

Hata hivyo, kuziba kila upenyo ili kuhifadhi joto ni kujichimbia kaburi. Jiko la makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kidogo inaweza kuua waliolala kabla hawajashtuka. Matundu mawili ya hewa, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari, hayagharimu sana. Hata yakiwapo, jiko la makaa lisilazwe ndani kamwe.

Sheria haikwepeki

Magurudumu hayamwondolei mtu wajibu wa kisheria. Trela inayopita barabarani husajiliwa na kupewa nambari yake. Aidha, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeendeleza ardhi au kubadilisha matumizi yake apate kwanza idhini ya serikali ya kaunti. Choo na maji machafu navyo ni suala la afya ya umma.

Hatimaye, usalama wa nyumba hii uko pia katika karatasi. Mkataba wa kukodi ploti uandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, ukieleza wazi kwamba nyumba ni mali ya mpangaji na kwamba ana haki ya kuiondoa. Pasipo maneno hayo, siku ya kuhama lori laweza kufika langoni na kukuta limefungwa.