Katoyi: vyumba vinaongezeka, choo ni kile kile

Ndugu wachimbaji, wakati siye tuko Rubaya ndani ya shimo, mabibi na watoto wetu wanabaki Katoyi. Tunatuma pesa ya nyumba, tunafikiri kazi yetu imeisha. Haijaisha.

Siye wa chama tumepita parsele kwa parsele. Mahali palikuwa nyumba moja ya mbao na maharagi kidogo, leo ni nyumba sita, saba, mabati yanagusana. Wengine walikimbia vita ya Masisi na Rutshuru. Wengine walifukuzwa na moto wa Nyiragongo, 2002, tena 2021. Na wengine, tuseme ukweli, ni siye wenyewe tulioleta familia juu ya pesa ya koltani. Mji umepanda hadi Munigi, umefika Mugunga. Kila mtu anapanua, hakuna anayepanga.

Shida iko chini ya miguu. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo hapa, hata siye tuliozoea nyundo tunatoka jasho. Basi mwenye parsele anaongeza vyumba, haongezi choo. Shimo ni fupi, linajaa, mvua ikinyesha uchafu unatembea kati ya nyumba. Robine nayo inatoa maji siku inayotaka, watoto wanashuka ziwani na bidoni za njano. Hapo kolera inapata njia. Wazee wanakumbuka Julai 1994, namna ilivyoua maelfu ya wakimbizi kwa wiki chache.

Bibi ya mwenzetu mmoja alitueleza: mtoto alianza kuhara saa nane ya usiku. Zamani angepiga kelele, avenyu nzima ingetoka. Sasa majirani ni wapya, hajui hata majina yao, aliogopa kugonga. Alikaa peke yake akimnywesha maji ya chumvi mpaka kulipokucha, ndipo akambeba hospitalini. Mtoto alipona. Andikeni ukutani: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na mtoto apelekwe haraka, msingoje asubuhi.

Kabla ya kulipa garanti, uliza: choo hiki ni cha familia ngapi? Siye tumekubaliana na wenye parsele wawili: wao watatoa mbao na simenti, siye tutatoa mikono siku ya salongo. Mwenye kushuka kutoka Rubaya kupumzika, alete nyundo yake.