Tarakilishi ikizima mchezoni, chunguza joto na chumvi kabla ya kununua kadi mpya

WAPENZI wa michezo ya tarakilishi katika Kisiwa cha Mombasa wanaifahamu adha hii: mchezo umefika patamu, mara picha inaganda, skrini inakuwa nyeusi au mashine inazima kabisa. Wengi hukata kauli papo hapo kwamba kadi ya michoro imekufa, wakaingia gharama ya kununua nyingine. Mara nyingi kadi huwa nzima, na kasoro iko kwingine.

Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Ina kichakataji, kumbukumbu na feni zake yenyewe, na mchezo unapopamba moto hutumia umeme mwingi na kutoa joto jingi. Hivyo basi, hitilafu ya joto, umeme au programu hudhihirika hapo kwanza.

Dalili ndizo huelekeza kwenye kiini. Skrini ikiwa nyeusi kwa muda mfupi kisha picha ikarejea, tazama programu inayoiendesha kadi, ambayo mafundi huiita draiva. Tangu toleo la Vista la 2007, mfumo wa Windows huipa kadi sekunde mbili kujibu. Isipojibu, huianzisha draiva upya. Tukio hilo huandikwa katika programu ya Event Viewer kwa nambari 4101. Iondoe draiva hiyo, kisha uweke nyingine kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Iwapo tatizo lilianza baada ya kuweka draiva mpya, rejea ile ya awali.

Tarakilishi nzima ikizima au kujiwasha upya ghafla, tukio huandikwa kwa nambari 41. Hapo shuku pawasaplai iliyochakaa au isiyotosha, au umeme wa nyumbani unaopanda na kushuka. Vitone na mistari ya rangi ikitokea hata kabla Windows haijafunguka, jaribu kwanza waya mwingine wa skrini. Ikibaki, huenda kadi yenyewe ina kasoro. Na iwapo ni mchezo mmoja tu unaokatika, huenda faili zake zimeharibika.

Mchezo ukikatika baada ya dakika 20 au 30 kila mara, pima joto kwa programu ya bure. Kadi nyingi hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 83 hadi 90. Katika vyumba vya Mji wa Kale, vyenye kuta nene za matumbawe na vichochoro vyembamba nje, hewa ya moto hukosa pa kutokea. Usiisukume tarakilishi ukutani wala kuifungia kabatini.

Adui mwingine ni chumvi. Upepo wa bahari huileta ndani, ikatua juu ya kadi pamoja na vumbi. Kila mpishi wa pwani ameona chumvi ikilowa kibakulini; hilo hutokea unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi, kiwango cha kawaida Mombasa, hasa usiku. Chumvi iliyolowa hupitisha umeme na kula shaba. Tarakilishi inayofanya kazi hujikausha kwa joto lake. Iliyozimwa kwa wiki kadhaa ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Kupuliza hakuondoi chumvi. Zima mashine, chomoa waya, toa kadi na uondoe vumbi kwa brashi laini huku ukizuia feni zisizunguke. Meno ya kadi yapanguse kwa spiriti ya isopropili yenye usafi wa asilimia 90 au zaidi, kisha uache ikauke kabisa. Kadi ya miaka mingi huhitaji pia kubadilishiwa mafuta mazito yanayopitisha joto kutoka kwa kichakataji.

Ikibainika kwamba kadi imekufa kweli, kuwa mwangalifu na za mitumba. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Kabla ya kutoa pesa, omba ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa mbele yako. Muuzaji akikataa, tafuta kwingine.