Chuo Kikuu Kisicho na Bweni
Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Shahada yangu niliisomea mezani jikoni, watoto wakishalala. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi: tulio kazini, tusioweza kuacha mshahara na familia tukahamie mjini miaka mitatu.

Siku hizi masomo yako kwenye simu, na wengi hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Bando hukata katikati ya mhadhara, umeme nao hupotea usiku ule ule wa kuwasilisha kazi. Kilichonivusha ni kituo cha chuo mkoani kwetu: kompyuta, mhadhiri wa kumuuliza ana kwa ana, na wenzangu tuliobishana nao Jumamosi hadi jioni. Vituo hivyo visiguswe!

Kenya nayo ilikipa hati chuo kikuu huria chake mwaka 2023, huko Konza. Nimefurahi sana. Ila serikali zetu zikiona mtandao ni njia ya kubana matumizi tu, watakaoumia ni wa vijijini. Fedha zinazookolewa kwenye mabweni ziende kwa wahadhiri, na kwenye makubaliano na kampuni za simu ili tovuti za vyuo vya umma zisile bando. Muuguzi wa zamu husoma saa nane usiku, peke yake. Swali lake likikaa mwezi mzima bila jibu, anaacha chuo.