Wazee wa Nakuru na Biashara ya Nishati ya Nyumbani

Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umezalisha umeme tangu mwaka 1981, ilhali katika vilima vya Molo, Kuresoi na Subukia ziko nyumba za wazee, ambao watoto wao wamekwenda mijini kutafuta riziki, zinazopikia kuni hadi leo. Wauzaji wa sola na bayogesi husema aghalabu kwamba mzee huogopa mambo mapya. Kauli hiyo siikubali, madhali wazee hao hao ndio waliofuga ng'ombe wa gredi, na ndio wanaopokea fedha za watoto wao kwa M-Pesa.

Kwa sola, kizuizi ni masharti ya malipo. Tangu kampuni ya M-KOPA ilipoingia sokoni mwaka 2012, biashara ya sola ya lipa polepole imeenea sana: mteja hutoa kitangulizi, kisha hutuma kiasi kidogo kila siku, na malipo yakikatika taa nazo huzimika. Utaratibu huo humfaa mwendesha bodaboda ashikaye nakidi kila jioni. Bali mzee wa eneo la Bahati, alipwaye maziwa yake na chama cha ushirika mwisho wa mwezi, au ategemeaye Sh2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii baada ya kutimiza miaka 70, hana fedha ya kila siku, japo ana shamba, ana mifugo, na ni mwaminifu wa deni.

Bayogesi ina taabu yake nyingine. Ng'ombe wawili au watatu wa zizini huitosheleza aila ndogo kwa mapishi. Lakini kila asubuhi sharti kinyesi kibichi kimiminwe katika birika la saruji, kichanganywe na maji kiasi sawasawa, majani na mawe yatolewe kwa mkono, ndipo uji huo ufunguliwe uteremke shimoni, na masalio yake yabebwe kwenda kurutubisha nyasi za nepia. Kwa bibi mwenye maumivu ya magoti, ambaye kisima chake kiko bondeni, kazi hiyo humlemea kuliko bei yenyewe. Mpango wa taifa ulioanza mwaka 2009 ulifunza mafundi na kujenga maelfu ya mitambo, ila mtambo usio na wa kuulisha haudumu.

Juu ya hayo, kodi nayo iliyumba: msamaha wa kodi kwa vifaa vya sola uliondolewa mwaka 2020, ukarejeshwa 2021.

Basi wafanyabiashara wa Nakuru na wafunge mikataba na vyama vya maziwa, deni likatwe kila mwezi katika malipo ya mzee, na ndani ya bei hiyo hiyo awemo kijana wa kijijini atakayelipwa kuulisha mtambo na kukagua betri.