Shabiki wa viwanja vya pembeni

SIKU ambayo Angella Okutoyi alishinda taji la Wimbledon, mimi nilikuwa ndani ya matatu kwenye Thika Road, simu ikiwa imebakisha chaji ya kuhesabu.

Ilikuwa Julai 2022. Fainali ya wasichana chipukizi, wachezaji wawili kila upande. Okutoyi alikuwa ameungana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp dhidi ya Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Usidhani nilikuwa nikitazama mechi. Nilichokuwa nacho ni tarakimu tu kwenye skrini. Namba ikibadilika unajua kuna mtu amepata pointi, ameipataje, huambiwi.

Seti ya kwanza walipoteza 3-6. Ya pili wakashinda 6-4. Hapo, badala ya seti ya tatu, huchezwa kinyang'anyiro kifupi: wa kwanza kufika pointi 10 ndiye mshindi, mradi awe mbele kwa pointi mbili. Zikafika 9-9. Kondakta ananidai nauli, mimi namwonyesha mkono kama askari wa trafiki, ngoja kwanza. Zikaja mbili zilizobaki. 11-9.

Nilipiga kelele. Mama aliyeketi kando yangu akavuta mkoba wake karibu.

Sikuwa na wa kumweleza. Ningeanzia wapi? Kwamba huyu msichana ndiye Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam katika ngazi ya chipukizi? Kwamba mama yake alifariki wakati wa kuwazaa yeye na pacha wake Roselida, wakalelewa na nyanya yao aliyekuwa akifanya kazi katika makao ya watoto hapa Nairobi? Kwamba alishika raketi akiwa na umri wa miaka minne? Kwamba Januari ya mwaka huo huo, kule Australian Open, alikuwa tayari amekuwa msichana wa kwanza Mkenya kushinda mechi ya Grand Slam ya chipukizi? Matatu ilifika Githurai na hadithi ikabaki nayo kooni. Nilipiga picha ya skrini yale matokeo, nikaihifadhi, simu ikazima.

Tangu hapo nikajiambia kwamba siku moja nitaenda nikaone kwa macho.

Siku hiyo ilikuja Jumatano, Julai 10, 2024. Nilikuwa nimeenda Uingereza kusoma mwaka mmoja, na hela zangu zilikuwa zile za mwanafunzi anayefanya shifti za wikendi. Watu wengi hudhani Wimbledon ni ya matajiri na marafiki wa wakubwa. Ni kweli, tiketi nyingi huuzwa miezi mingi kabla, nyingine kwa kura. Lakini kuna mlango mmoja ambao hauulizi wewe ni nani: laini. Unaenda mwenyewe hadi Wimbledon Park, bustani iliyo karibu na viwanja, unapewa kadi yenye tarehe na nambari yako, na unasubiri. Huwezi kumtumia binamu akushikie nafasi. Ukiondoka kwenda msalani au kununua kahawa, usikae sana, la sivyo utapoteza nafasi yako. Wanaolala hapo huja na mahema madogo ya watu wawili, na alfajiri wasimamizi huwapitia mmoja mmoja kuwaamsha wakunje hema.

Kwa sisi tuliokulia kwenye foleni za Huduma Centre na za basari, ambapo daima kuna mtu 'anayeongea na mkubwa' kisha anapita mbele, nakwambia lile jambo lilinigusa. Nilimwona mzee mmoja amevaa suti ya bei, kofia ya mkeka kichwani, ameketi kwenye nyasi zenye umande akiwa na nambari kubwa kuliko yangu. Nambari kubwa maana yake yuko nyuma. Niliifurahia sana hiyo, siwezi kudanganya.

Nilikuwa nimesafiri kwa basi la usiku hadi Victoria, nikachukua treni, nikabadilisha Earl's Court na kushuka Southfields mapema asubuhi. Nambari yangu ilikuwa zaidi ya 2,000. Hesabu ni hivi: kila siku hutengwa takriban tiketi 500 za kila mojawapo ya viwanja vitatu vikubwa kwa ajili ya watu wa laini. Kwa hivyo mwenye nambari kama yangu aagane na Centre Court mapema. Kilichobaki ni tiketi ya kuingia tu. Ukishaingia unaruhusiwa kuketi kwenye viwanja vyote vidogo, au kwenye kile kilima maarufu chenye skrini kubwa.

Chakula ruksa kubeba. Nilikuwa na chapati nne kwenye foili na mayai ya kuchemsha. Kijana aliyekuwa mbele yangu, Mwingereza, alikuwa na sandwichi iliyolowa. Tukabadilishana. Nilipata hasara.

Sasa, Jumatano hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kwa watu wa laini kupata tiketi za Centre Court, kwa sababu siku nne za mwisho hawatengewi. Na Novak Djokovic alikuwa amepangiwa kucheza robo fainali humo dhidi ya Alex de Minaur wa Australia. Unaelewa basi kwa nini mahema yalikuwa mengi. Asubuhi hiyo hiyo De Minaur akatangaza kwamba nyonga imeumia, hachezi. Djokovic akapita bila kutoa jasho.

Baadaye pale kilimani niliketi karibu na mama mmoja. Alikuwa amelala nje kwa ajili ya Djokovic. Tiketi yake bado ilikuwa halali, mechi nyingine zilikuwepo, lakini alikuja kwanza kula stroberi zake taratibu, bila kusema neno. Bakuli la stroberi na malai lilikuwa pauni 2.50, bei ambayo haikuwa imepanda tangu 2010. (Mwaka uliofuata wakaongeza senti 20 na ikawa habari ya kitaifa. Wangeishi na bei zetu za unga hao.) Nilitaka kumwambia pole, nikakosa Kiingereza chake. "Sorry" haitoshi, na tena wenyewe huitumia hata wakikukanyaga.

Mimi nikaelekea viwanja vya pembeni.

Nianze na Court 18, maana huwezi kufika Wimbledon usiende kuhiji pale. Ndipo John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walipocheza mwaka 2010 kwa saa 11 na dakika 5, mechi iliyogawanywa kwa siku tatu. Seti ya mwisho iliisha 70-68. Kuna kibao ukutani. Uwanja wenyewe ni mdogo mno ukilinganisha na sifa zake; nilidhani nimepotea njia.

Kisha nikatafuta wasichana chipukizi. Niliangalia ratiba, nikachagua mechi ya wawili wawili ambayo sikumjua hata mchezaji mmoja, nikaketi mstari wa kwanza. Tulikuwa watu kama 40, na nadhani nusu walikuwa jamaa zao. Kwa runinga tenisi huonekana kama kitu cha upole, watu waliovaa nyeupe wakipigiwa makofi. Ukiwa mita tatu kutoka kwenye mstari, bana, ni vita. Mpira unalia kama kofi. Unasikia pumzi, unasikia viatu vikiteleza kwenye nyasi, unasikia wasichana wa miaka 16 wakinong'onezana mikono ikiwa mbele ya midomo, kisha mmoja anatikisa kichwa kwamba hapana, si huko, mpige kati.

Mechi ilienda hadi kile kinyang'anyiro cha pointi 10. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekikosa kwenye matatu. Namba inapobadilika kwenye simu, ni sekunde moja. Pale uwanjani, kati ya pointi na pointi kuna msichana anayepanguza kiganja kwenye sketi mara tatu. Kuna baba aliyegeuza uso kabisa, anatazama ua la mimea. Mpira mmoja uligusa ukingo wa wavu, ukasimama juu kama unaofikiri, ukaangukia upande usiofaa. Waliopoteza pointi hiyo ndio waliopoteza mechi. Mmoja wao alijifunika taulo kichwani akakaa hivyo hadi wafanyakazi wakaanza kutayarisha uwanja kwa mechi iliyofuata. Hakuna kamera iliyomjia. Hakuna aliyemuuliza swali.

Nilijikuta namuwazia Okutoyi kwenye ile 9-9. Alikuwa na miaka 18, mbali na nyumbani, na mashabiki wa Kenya wakiwa kwenye simu kama mimi, kama walikuwepo.

Na hapa niseme kitu ambacho kimenikaa rohoni. Mashindano ya chipukizi hayalipi. Unashinda Grand Slam, unapewa kombe na picha, hela hakuna. Kuanzia hapo ni ndege, hoteli, kocha, nyuzi za raketi zinazokatika kila wiki, na pointi za kuokota katika mashindano madogo kote duniani. Okutoyi alichagua njia ya chuo, akaenda kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn kule Marekani, na bado Machi 2024 akatuletea dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Sisi tulifanya nini? Tulimposti. Kisha tukarudi kubishana kuhusu Arsenal. Nairobi nayo huandaa mashindano ya kimataifa ya wanawake ya ngazi za chini, hayo hayo ya kuokota pointi, na yeye mwenyewe ameyacheza. Nilihudhuria siku moja baada ya kurudi. Nilipata kiti cha mstari wa kwanza bila kulala kwenye hema, na kando yangu kulikuwa na viti vitupu vya kujaza matatu mbili.

Sisemi kwa kujitukuza. Kabla ya 2022 na mimi nilikuwa wa Arsenal tu.

Siku hizi hufuata Wimbledon nikiwa Nairobi, na nimeshajua ratiba. Viwanja vya pembeni huanza saa saba mchana kwa saa zetu, Centre Court saa tisa na nusu, na hata mechi ikirefuka vipi wenyewe hufunga saa tano usiku wa kwao, yaani saa saba usiku hapa. Wakati wenzangu wanafungua runinga kumtazama Alcaraz, mimi niko kwenye simu na majina ambayo hata mtangazaji hayajui kuyatamka.

Agosti 2025 sikulala. Mashindano yalikuwa Montreal, na msichana wa miaka 18 ambaye wazazi wake walihamia Amerika Kaskazini kutoka DR Congo alikuwa akiwaangusha mabingwa wa Grand Slam mmoja baada ya mwingine: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina. Kwenye fainali akampata Naomi Osaka, mwenye mataji manne ya Grand Slam. Akapoteza seti ya kwanza 2-6. Akageuza, 6-4, 6-1. Uwanja mzima ukasimama.

Asubuhi kundi letu la WhatsApp lilikuwa limejaa video zake. Huyu ni nani, ametoka wapi, mbona hatukuwahi kumsikia? Nikapekua simu hadi picha za 2022, nikaipata ile ya skrini. Okutoyi na Nijkamp juu, Cross na Mboko chini. 3-6, 6-4, 11-9. Nikaituma bila maelezo.

Kwa dakika kama mbili hakuna aliyeandika chochote. Kisha mmoja akauliza: "Ngoja. Kwani Angella alimpiga huyu?"