Mawimbi Ndani ya Fuvu: Hesabu Kwanza, Tiba Baadaye

Kiharusi hakibishi hodi. Askari aliyeamka mzima na kunywa chai na wenzake kambini aweza kufika adhuhuri mkono hauinuki na mdomo umekwenda upande. Mara nyingi sababu ni bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo.

Maradhi haya si ya Ulaya peke yake. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa, umri ukishasawazishwa, Dar es Salaam ilipata wagonjwa wapya wapatao 316 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na wilaya ya Hai 109.

Dawa ya kuyeyusha bonge ipo. Marekani iliikubali mwaka 1996, nayo hufaa katika saa chache za mwanzo tu. Ndipo wataalamu walipofikiri kuisaidia kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, yale yale yanayotumika kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Mawimbi hayo hulitikisa bonge, na dawa ikapenya. Mwaka 2004 ilitangazwa kuwa, katika jaribio la wagonjwa 126, asilimia 49 ya waliopewa dawa pamoja na mawimbi walifunguka mshipa au kupata nafuu kubwa upesi, dhidi ya asilimia 30 ya waliopewa dawa peke yake.

Lakini mfupa wa fuvu ni ngome, na mawimbi mengi huishia humo. Wataalamu wa Ujerumani wakachagua mawimbi mazito zaidi, ya mitetemo 300,000 kwa sekunde, ambayo hupenya mfupa kwa urahisi. Matokeo ya mwaka 2005 yalikuwa ya kusikitisha: kati ya wagonjwa 14 waliopata mawimbi hayo pamoja na dawa, 13 walionekana na dalili za damu kuvuja kichwani. Jaribio likasimamishwa.

Kulikoni? Anayesimama bandarini Bujumbura siku ya upepo ameona jambo hili. Wimbi la ziwa hupiga ukuta, hurudi, hukutana na linalokuja, na pale yanapokutana maji huinuka maradufu. Fuvu nalo ni chumba kilichofungwa. Wimbi lililoingia upande mmja hugonga upande wa pili na kurudi, likazidisha nguvu mahali pasipokusudiwa.

Hayo yalidhihirishwa na kompyuta. Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu zilizorudia jaribio hilo bila kumgusa mgonjwa. Njia yenyewe ni hii: picha ya skana huonyesha unene na ugumu wa mfupa, kompyuta huligawa fuvu katika vipande vidogo mno, kisha hukokotoa, hatua kwa hatua, wimbi linavyokwenda. Katika ubongo sauti hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde, na katika mfupa mgumu karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo wimbi hupinda, na kila fuvu hulipinda kwa namna yake. Hesabu zilionyesha mahali nguvu ilipozidi kiasi.

Kamanda mwenye busara husoma ramani kabla ya kupeleka vijana bondeni. Ndivyo itakiwavyo katika tiba hii. Hata hivyo ramani si ushindi: jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2019 halikuonyesha kuwa mawimbi yaliwaongezea wagonjwa wa kiharusi faida, ingawa hesabu za namna hiyo zinasaidia tiba nyingine za ubongo.

Basi silaha ya leo ni saa. Amwonaye mwenzake mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanakwama, asimlaze apumzike. Ampeleke hospitalini mara moja, na akariri saa kamili dalili zilipoanza. Daktari atapiga picha ya kichwa kwanza, kwani kama mshipa umepasuka, dawa ya kuyeyusha bonge yaweza kuua. Nao walio wazima wapimwe shinikizo la damu, kwa kuwa ndilo mlango mkuu wa adui huyu.